Maswali ya Wasomaji: Route 66 na Migahawa ya Kando Yake

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu Route 66, barabara ya Marekani iliyopewa namba hiyo tarehe 11 Novemba 1926, inayoanzia Chicago na kuishia Santa Monica, California, ikikata majimbo 8 katika mwendo wa karibu kilomita 3,900. Niliandika humo kwamba anayeipita barabara hiyo bila kuketi katika migahawa midogo ya kando yake amevuka nchi tu, barabara hajaifahamu. Wasomaji wengi wameniandikia kuuliza nilimaanisha nini, na wengine wanataka kujua mambo ya vitendo kabla hawajakata tiketi ya ndege. Nimechagua barua 6, na kila moja nimeijibu kwa kadiri ya uzito wake.

SWALI: Nimesoma kwamba Route 66 ilifutwa mwaka 1985. Mbona mnatushauri tusafiri kwenye barabara isiyokuwapo? Na je, mimi na mume wangu, wenye likizo ya siku 10, tunaweza kuimaliza yote? (Bi. R.K., mwalimu)

JIBU: Bi. R.K., iliyofutwa ni namba, lami ipo. Mwaka 1956 Rais Dwight Eisenhower alitia saini sheria iliyogharimia mtandao wa barabara kuu mpya, pana na zisizo na njia panda, na kidogo kidogo barabara hizo, ambazo namba zake huanza na herufi I, zikayachukua magari ya Route 66: I-55 kutoka Chicago hadi St. Louis, I-44 hadi Oklahoma City, I-40 hadi Barstow, California, kisha I-15 na I-10 kuelekea pwani ya Pasifiki. Mji wa mwisho kupitwa kando ulikuwa Williams, Arizona, tarehe 13 Oktoba 1984, na mwaka uliofuata Route 66 ikaondolewa kwenye orodha ya barabara za kitaifa. Barabara yenyewe ilibaki katika vipande. Mahali pengine ndiyo mtaa mkuu wa mji mdogo, pengine inakwenda sambamba na I-40 kwa kilomita nyingi, na pengine inakoma ghafla kwenye nyasi na uzio wa waya. Mkifuata vibao vya kahawia vilivyowekwa kuitambulisha, mtaweza kuendesha juu ya sehemu kubwa yake.

Naomba mkumbuke tarehe moja, kwa sababu inaeleza kwa nini nasisitiza habari ya migahawa. Tarehe 22 Septemba 1978, I-40 ilifunguliwa kando ya Seligman, Arizona, na magari yaliyokuwa yakipita katikati ya mji huo mchana na usiku yakahamia huko mara moja. Mgahawa, moteli, kituo cha mafuta na kinyozi, wote waliokuwa wakiishi kwa kutegemea mgeni wa dakika 30, walijikuta hawana mgeni. Angel Delgadillo, kinyozi wa Seligman, hakukubali mji wake ufe, na mwaka 1987 yeye na wenzake waliunda chama cha kuihifadhi barabara hiyo katika Arizona, hata serikali ya jimbo ikaitambua kuwa barabara ya kihistoria. Ndugu yake Juan alikuwa amefungua Snow Cap mwaka 1953, kibanda cha baga na aiskrimu alichokijenga kwa mbao chakavu za reli, na familia imekiendeleza baada yake. Kwa hiyo unaponunua baga pale, fedha yako inafanya kazi ileile iliyofanywa na fedha za wasafiri kabla ya 1978: inauwezesha mji kuendelea kuwapo.

Ama kuhusu siku 10, ushauri wangu ni kwamba msijaribu kuimaliza yote. Safari nzima inataka angalau wiki mbili, na anayeikimbiza hulazimika kurudi I-40 kila baada ya saa moja ili kufidia muda, akala kwenye vituo vya mafuta vinavyofanana kutoka jimbo hadi jimbo. Chukueni gari Tulsa, Oklahoma, mwende polepole hadi Kingman, Arizona, mwendo wa karibu kilomita 1,800, kisha mlirudishe Las Vegas, ambako ni karibu saa mbili kutoka Kingman. Oklahoma ina sehemu ndefu ya barabara ya zamani kuliko jimbo lolote, na magharibi mwa Arizona kuna kipande kisichokatika cha kilomita zipatazo 250. Mtakosa Chicago na Santa Monica, nami sioni kuwa ni hasara kubwa, kwa kuwa miji hiyo mikubwa hufikika wakati wowote kwa ndege.

SWALI: Nitautambuaje mgahawa mzuri wa kienyeji, na niagize nini? Nisingependa kusafiri mbali kiasi hicho nikaishia kula chipsi ambazo ningezila hapa nyumbani. (Kijana S.M.)

JIBU: Ndugu S.M., swali lako ndilo lililo moyoni mwangu, hivyo univumilie nikilijibu kwa kirefu.

Anza na saa. Mingi ya migahawa hii ni ya asubuhi na mchana. Hufungua jua linapochomoza, na saa nane alasiri viti hugeuzwa juu ya meza. Baadhi hufungwa Jumapili au Jumatatu, na mingine hufungwa kipindi chote cha baridi. Siku moja, magharibi mwa Oklahoma, nilifika mgahawa nilioupangia safari ya siku nzima nikakuta mhudumu anapiga deki. Alinihurumia akanifungia kipande cha pai, nikakilia ndani ya gari huku nikitazama kibao kilichoandikwa saa za kazi, ambacho ningeweza kukisoma kwenye simu jana yake. Tangu siku hiyo hupiga simu kwanza.

Kisha tazama maegesho. Ukiona magari ya kubebea mizigo yenye matope na namba za jimbo lilelile, ingia. Ndani, keti kaunta badala ya meza iliyo karibu na dirisha, kwa sababu kaunta ndipo wazee wa mji huketi kila asubuhi mbele ya kikombe kinachojazwa tena na tena kwa bei ya kikombe kimoja, nao watakuuliza umetoka wapi kabla hujauliza wewe. Orodha fupi ya vyakula ni dalili njema, na pai iliyookwa palepale ni dalili njema zaidi. Usimuulize mhudumu kitu gani kimewapatia umaarufu, kwani atakujibu kama anavyowajibu watalii wote. Muulize leo wenyeji wameagiza nini.

Kuhusu chakula chenyewe, barabara hii hubadilika ladha kadiri unavyokwenda magharibi, na hapo ndipo raha yake ilipo. Chicago kuna Lou Mitchell's, mgahawa wa kifungua kinywa ulioanza mwaka 1923, unaowagawia wageni vipande vidogo vya donati wakiwa bado kwenye foleni. Springfield, Illinois, kuna Cozy Dog, nyumbani kwa soseji iliyochomekwa kijiti, ikachovywa kwenye uji mzito wa unga wa mahindi na kukaangwa; Ed Waldmire alianza kuiuza kwa jina hilo mwaka 1946. Kwa St. Louis nitasema neno moja tu: simama Ted Drewes, mtaa wa Chippewa, uagize aiskrimu yao nzito, ambayo mhudumu huigeuza kikombe juu chini mbele yako isidondoke.

Lakini ukiniambia nichague mahali pamoja, nitachagua El Reno, Oklahoma, mji usio na mandhari ya kukuvuta, ambao una baga ya vitunguu. Katika miaka ya 1920 na ile ya mdororo wa uchumi iliyofuata, nyama ilikuwa ghali na vitunguu vilikuwa rahisi, kwa hiyo wapishi wa huko walichukua donge dogo la nyama ya ng'ombe, wakalifunika kwa rundo la vitunguu vilivyokatwa nyembamba kama karatasi, wakavigandamiza pamoja kwenye bamba la moto mpaka vitunguu vikaingia ndani ya nyama. Kilichobuniwa ili kupunguza gharama kikageuka kuwa utamu, kwani vitunguu huungua kingo, vikatoa sukari yake na kuitunza nyama isikauke. Robert's, Johnnie's na Sid's zote ziko ndani ya mji huo mdogo, na wenyeji wana ubishi wao juu ya ipi iliyo bora. Mimi nilikula Robert's, kwenye kaunta yenye viti vichache, mpishi akiwa hatua moja mbele yangu, na mpaka leo nikikaanga vitunguu nyumbani hukumbuka sauti ya mwiko wake. Mtu mwenye uchumi mgumu aliyewahi kuongeza mchicha ili kitoweo kiwatoshe watoto ataielewa baga hiyo upesi kuliko mwandishi yeyote wa vitabu vya mapishi.

Kabla ya El Reno, usiipite Rock Cafe ya Stroud, iliyofunguliwa mwaka 1939 na kujengwa kwa mawe yaliyochimbwa wakati barabara ikitengenezwa. Moto uliiteketeza mwaka 2008, kuta zikabaki zimesimama, na wenye mgahawa wakaujenga upya ndani ya kuta hizohizo. Huko Amarillo, Texas, utaona matangazo ya Big Texan kwa kilomita nyingi, yakiahidi kwamba anayemaliza nyama ya aunsi 72, yaani kilo 2, pamoja na vyakula vya pembeni ndani ya saa moja halipi. Watu hufurahia kutazama, lakini chakula cha kushindaniwa hakiheshimu mlaji wala mnyama, nami sikushauri ujaribu. Endelea hadi Adrian, kijiji kilicho katikati kabisa ya safari, maili 1,139 kutoka Chicago na maili 1,139 kutoka Los Angeles kwa mujibu wa kibao chao, ule pai ya Midpoint Cafe.

New Mexico ni nchi nyingine. Pilipili ndefu za huko huchomwa, humenywa na kupikwa kuwa rojo linalomiminwa juu ya mayai, nyama, maharage, karibu kila kitu, na mhudumu atakuuliza swali ambalo jimbo limelifanya kuwa swali lake rasmi: nyekundu au ya kijani? Ya kijani ni pilipili mbichi, nyekundu ni ileile iliyoachwa ikaiva na kukaushwa. Ukishindwa kuchagua, sema Krismasi, utaletewa zote mbili. Anayetoka pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea pilipili ya kuwekwa pembeni, atashangaa kuona pilipili ikiwa ndiyo mboga yenyewe.

SWALI: Mimi ni Mwislamu. Je, nitakula nini katika migahawa hiyo bila kula nguruwe pasipo kujua? (Bi. H.A.)

JIBU: Bi. H.A., hatari kubwa haiko kwenye nyama inayoonekana. Kila mtu hujua kuepuka bekoni. Yaliyojificha ndiyo ya kuuliza: ule mchuzi mweupe mzito unaomiminwa juu ya mikate ya asubuhi kwa kawaida hutengenezwa kwa soseji ya nguruwe, maharage ya kupondwa ya Texas na New Mexico mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, baadhi ya wapishi wa pai huyatumia mafuta hayohayo katika unga, na soseji ya kijiti niliyoitaja huko Springfield iulizie kwanza imetengenezwa kwa nyama gani. Aidha, katika mgahawa mdogo mayai yako yatakaangwa kwenye bamba moja na bekoni ya jirani yako, kwa hiyo omba yapikwe kwenye kikaango cha peke yake, au agiza ya kuchemsha. Sema wazi kwamba huli nguruwe kwa sababu ya dini. Sijawahi kukutana na mhudumu aliyekasirishwa na ombi hilo. Wengi huingia jikoni kuuliza wenyewe.

Ukitaka nyama iliyochinjwa kwa utaratibu wa halali, itafute katika miji mikubwa. St. Louis ina jamii kubwa ya Wabosnia waliokimbia vita vya miaka ya 1990, na migahawa yao iko eneo la Bevo, kando ya barabara ya Gravois, ambayo nayo iliwahi kubeba namba 66. Hao nao ni wenyeji wa barabara hii sasa, na chakula chao kinastahili kuhesabiwa kuwa cha kienyeji.

SWALI: Sisi ni familia ya Waafrika weusi. Picha zote za barabara hii zinaonyesha wazungu wakitabasamu kwenye magari ya miaka ya 1950. Tutapokewaje? (Baba T.)

JIBU: Baba T., picha hizo hazikupotosha. Zimekata kipande tu. Katika miaka inayosifiwa sana, msafiri mweusi hakuweza kusimama popote alipoona njaa. Migahawa mingi ilimkataa au ilimuuzia chakula kwa mlango wa nyuma, na kando ya Route 66 kulikuwa na miji iliyomtaka awe ameondoka kabla ya jua kuzama. Ndiyo maana kuanzia mwaka 1936 Victor Hugo Green, mpeleka barua wa Harlem, New York, alichapisha mwongozo ulioitwa Green Book, wenye orodha ya hoteli, migahawa, vinyozi na vituo vya mafuta ambako msafiri mweusi angehudumiwa. Familia zilipika kuku nyumbani, zikabeba maji na mafuta ya akiba, kwa kuwa hazikujua mlango upi utafunguliwa. Sheria ya Haki za Raia iliyotiwa saini tarehe 2 Julai 1964 ilipiga marufuku ubaguzi huo katika migahawa na hoteli, na baada ya toleo la 1966-67 mwongozo haukutoka tena.

Leo sheria inakulinda, na kwa uzoefu wangu mapokezi katika migahawa hii ni ya ukarimu, yenye udadisi mwingi. Nimewahi kutazamwa kwa muda mrefu nilipofungua mlango katika mji mmoja mdogo. Kimya hicho kilivunjwa na mzee aliyesogeza kiti chake na kuniuliza kama Kilimanjaro bado ina theluji. Sitakuahidi kwamba kila mlango utakuwa hivyo. Mahali usipopapenda, huna deni la kubaki. Lipa ulichokunywa, ondoka, na mji unaofuata hauko mbali.

Nakuomba pia uwapeleke watoto karibu na Luther, Oklahoma, waione Threatt, kituo cha mafuta cha mawe kilichojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 na familia ya Waamerika weusi kwenye shamba lao wenyewe. Hapo msafiri mweusi aliweza kujaza tangi, kula na kupumzika bila kuomba ruhusa ya mtu. Kwangu mimi jengo hilo dogo lina uzito kuliko vibao vyote vya taa za rangi kuanzia Tulsa hadi Tucumcari, New Mexico.

SWALI: Kwa nini ulipe bakshishi wakati chakula kimeshalipiwa? Na ni kiasi gani? (Ndugu P.N.)

JIBU: Ndugu P.N., kwa kuwa bakshishi ndiyo mshahara. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, na Kansas, Oklahoma na Texas zinakitumia. Mwajiri hulazimika kufidia pale tu bakshishi na malipo hayo kwa pamoja yanapopungua chini ya kima cha chini cha kawaida. California haina utaratibu huo, wahudumu hulipwa kima kamili, lakini desturi ya kuacha kitu imebaki. Acha asilimia 15 hadi 20. Bili ikiwa dola 20, dola 4 ni heshima. Ukikaa kaunta kwa saa moja na nusu ukiongezewa kahawa mara tano, zidisha. Fahamu pia kwamba bei ya kwenye orodha haina kodi ya mauzo, hivyo bili itazidi kidogo jumla uliyoipiga kichwani, na hakuna aliyekudhulumu.

SWALI: Nimeendesha malori miaka 30, upande wa kushoto. Mwanangu anayeishi Tulsa ananialika tuendeshe pamoja. Nitahitaji kujua nini? (Mzee J.O.)

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Kuendesha upande wa kulia utakuzoea baada ya saa chache. Makosa hutokea asubuhi, unapotoka maegesho ya moteli ukiwa peke yako barabarani na hakuna gari la kukukumbusha. Chukua leseni yako pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, kwa kuwa kampuni nyingi za kukodisha magari hukitaka. Kwenye njia panda yenye vibao vya kusimama pande zote nne, aliyefika kwanza hupita kwanza. Basi la shule likiwasha taa nyekundu, simama, hata kama unatoka upande wa pili, isipokuwa barabara iwe imegawanywa katikati. Mwendo huandikwa kwa maili, na mafuta huuzwa kwa galoni, kama lita 3.8. Pampu nyingi huuliza msimbo wa posta wa mwenye kadi, ambao kadi ya nje haina. Ingia dukani ulipe kwanza kwa mhudumu.

Nendeni Septemba au Oktoba. Majira ya kuchipua huleta vimbunga Oklahoma na kaskazini mwa Texas, Julai jangwa la Mojave hupita nyuzi 40, na Flagstaff, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hupata theluji nyingi wakati wa baridi. Mkifika Kingman, jazeni tangi na mle mshibe kabla ya kupanda mlima wa Sitgreaves kuelekea Oatman. Kona za huko ni kali na hazina kingo, wewe utazipenda, ila mwambie mwanao asiendeshe kipande hicho jua la jioni likimpiga usoni. Mkiingia Oatman punguzeni mwendo kabisa, kwa sababu punda waliotokana na wale wa wachimba dhahabu hutembea katikati ya mtaa, na wao ndio wenye njia.